Kikapu cha Mollo Kwenye Mashine ya Tatu

Vijana mliobaki maktabani mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nimekubali, ila mnajua mimi nimeishia darasa la saba, na kuandika kwangu ni kule kwa mtu aliyezoea kuandika shajara kwa ajili ya macho yake mwenyewe. Mahali ambapo sina hakika nitasema sina hakika. Mtanivumilia.

Habari za vyeo sitaziandika. Vyeo vyenyewe vilikuwa viwili, msaidizi na msaidizi mwandamizi, na tofauti niliyoiona mimi ni kwamba mwandamizi anapewa kiti chenye mgongo.

Kazi ya vitabu niliianzia kwenye chumba cha kusomea cha chama kimoja cha ushirika hapa Sumbawanga mjini. Kilikuwa chumba kimoja tu, nyuma ya ofisi ya mizani. Siku ya kwanza nilipewa ufagio, nikaambiwa nisiguse kitabu chochote mpaka nijue kunawa mikono. Nikasema najua kunawa. Mzee Ozwald, aliyekuwa mkuu wa chumba na mfanyakazi wake pekee kabla yangu, akaniangalia viganja, akasema, "Unajua kulowesha. Kunawa bado."

Yeye ndiye aliyenifundisha kupika gundi ya unga wa ngano na chembe ya mrututu ili mende wasiile, na kushona kitabu kilichokatika mgongo kwa uzi mwekundu, maana uzi mweupe ulikuwa haupatikani. Akanifundisha na neno moja ambalo nalirudia kwenu. Msomaji akikuuliza kitabu usimwambie hakipo. Mwambie hujakiona. Ukisema hakipo, umejifanya unaijua dunia nzima.

Halafu likaja soko huria. Sitaki kulisema vibaya tu, maana kabla yake tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, na mkulima alikuwa hana wa kumuuzia mahindi ila sisi. Soko huria lilipofika, malori ya watu binafsi yakapanda mpaka huku juu Ufipa kununua mahindi mlangoni kwa mtu. Hilo ni jema. Lakini ushirika ukalegea, tukapunguzwa kazini, na vitabu vyetu vikauzwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Siku moja sokoni nilinunua karanga, nikafungiwa kwenye karatasi. Kuifungua nikaona kwenye ukingo kipande cha uzi mwekundu. Uzi ule niliushona mimi. Nikabaki nimeduwaa, karanga kiganjani, watu wanapita wananipiga vikumbo. Mama muuza karanga akauliza, "Baba, zimeoza?" Nikamjibu hapana, ni nzuri. Na kweli zilikuwa nzuri. Yeye alihitaji karatasi ya kufungia, na aliinunua kihalali.

Soko huria hilohilo ndilo lililonirudisha kazini. Vyuo vikuu vya watu binafsi viliporuhusiwa, kimoja kikafungua tawi hapa kwetu. Wakakodi ghala la mahindi lililokuwa la ushirika, wakatoboa madirisha, wakapiga rangi, wakaliita maktaba. Ile kona ambayo mvua ikinyesha inanuka, mlidhani ni panya. Siyo panya, ni mahindi ya zamani.

Mkutubi wetu wa kwanza alikuwa Bi Perpetua, mwenye shahada, mtu wa Morogoro, aliyefika na koti moja jepesi akidhani Rukwa ni joto kama ziwani. Alinikuta nimepanga vitabu kwa urefu, mrefu pembeni ya mrefu mwenzake.

"Fidelis, nani kakufundisha kupanga hivi?"

"Mzee Ozwald, dada."

"Alikuwa anapanga vitabu au matofali?"

Niliumia kwa ajili ya mzee wangu, lakini lazima niseme ukweli, dada yule alikuwa sahihi. Alinifundisha namba za vitabu kwa subira ambayo mimi nisingekuwa nayo kwa mtu mzima kama nilivyokuwa.

Kompyuta zilikuja tano, zimeshatumika huko zilikotoka, na dishi likapandishwa juu ya bati. Tukazibandika namba. Ya tatu ndiyo ilikuwa na mwendo, sijui kwa nini. Bi Perpetua alisema ni waya, mimi nilidhani ni bahati. Umeme ulikuwa wa kuja na kuondoka, kwa hiyo tukajifunza kufungua kwanza kile tunachokihitaji na salamu za mtandaoni baadaye.

Siku aliponionyesha kitabu cha kwanza kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, nilikaa kama mtu anayeonyeshwa maiti. Kilikuwa kitabu cha zamani cha magonjwa ya mimea, kipo chuo kimoja cha mbali ng'ambo, na wakati huohuo kipo Sumbawanga ndani ya ghala. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Wa tatu, pembeni, nikaona kidole. Kidole cha mtu kabisa, kimevikwa kimpira.

"Mama yangu! Kuna mtu humo!"

"Ni mpiga picha, Fidelis. Ndiye alikuwa anafunua kurasa."

"Sasa mbona hakutoa mkono?"

"Alichoka. Wewe ungefunua kutwa nzima usingechoka?"

Tangu hapo, vijana, nikifungua vitabu hivi huwa namtafuta yule mtu wa kidole. Inanisaidia kukumbuka kwamba kuna aliyefanya kazi.

Kosa letu la mwanzo lilikuwa la wote, hata Bi Perpetua. Vilikuwepo vitabu ambavyo makao makuu ya chuo yalinunua ruhusa ya msomaji mmoja kwa wakati mmoja. Mtu wa Dar es Salaam akikishika, wetu anasubiri. Sisi tukadhani vyote viko hivyo. Kwa hiyo kila kitabu cha mtandaoni tukakiandikia kadi, na msomaji akikifungua tunageuza kadi kuonyesha kimeazimwa. Wanafunzi wakawa wanapanga foleni kwenye benchi, wanasubiri kitabu ambacho dunia nzima inakisoma bure, na mashine nne zimewaka hazina mtu. Mpaka kijana mmoja, mtoto wa wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga, akachoka benchi, akajikalia kwenye mashine ya pembeni.

"Bi mkubwa," akaita, "mbona na huku kimefunguka? Hiki kitabu kimezaa?"

Bi Perpetua alikuja akatazama mashine moja, akatazama ya pili. Halafu akaenda kwenye sanduku la kadi na kuanza kuzitoa kimyakimya. Hatukucheka siku ile. Tulicheka miezi baadaye.

Kwenye kutafuta nawaachia machache. Waandishi wa kale walisikia majina yetu kila mmoja na sikio lake, kwa hiyo mahali pamoja patafute kwa tahajia nyingi. Kama kitabu ni cha lugha usiyoijua, pitia picha kwanza. Na ramani iliyokunjwa, mara nyingi ilipigwa picha ikiwa imekunjwa vilevile. Msimlaumu msomaji anayelalamika, ana haki. Sasa nieleze lile jambo ambalo wengine mmelisikia nusunusu.

Kulikuwa na mwanafunzi anaitwa Yustina, mwaka wa mwisho, ualimu wa historia. Alichagua kuandika utafiti wake juu ya wazee waliokuwa wanayeyusha chuma hapa Ufipa kwenye matanuru marefu ya udongo, yale ambayo wenyewe wanaita malungu. Ukoo wa upande wa mama yake, kule Mollo, ulikuwa wa kazi hiyo.

"Babu yako si yupo hai?" nikamuuliza. "Muulize."

"Nimemuuliza, baba. Ananiita mke wangu, ananichomea viazi, ananisifia meno. Nikitaja tanuru tu anageukia ukutani."

Babu huyo, Mzee Didas, hakuwahi kuyeyusha chuma mwenyewe. Kazi ilikufa akiwa mtoto, majembe ya dukani yalipoenea. Lakini baba yake alimrithisha kikapu cha dawa za tanuru na kumwapisha. Mwanamke asikifungue, asijue kilichomo. Kikafungwa kamba na kuning'inizwa juu ya jiko, moshi ukakifanya cheusi.

Siku moja umeme ulikatika, tukawa tumekaa kwenye baridi, Yustina amejifunika khanga mbili, akanieleza na yaliyobaki. Mama yake, Skolastika, alipokuwa bado msichana nyumbani kwao, alikishusha kikapu kile kusafisha masizi kwa ajili ya Krismasi. Kamba ikakatika, kikafunguka. Baba yake akaingia akamkuta amekishika. Kabla sikukuu haijaisha kaka yake, Kamili, akashikwa na homa akafariki. Mzee Didas akasema mbele ya watu kwamba Skola amemuua kaka yake. Akamfukuza kabla ya maziko. Msichana akaja mjini, akapanga chumba Katandala, akaolewa, akafiwa na mume, akaendelea kuuza maharage. Baba na mwana hawakuzungumza tena. Yustina ndiye njia kati yao. Anapeleka sukari Mollo na mzee anakunywa chai bila kuuliza imenunuliwa na nani.

"Na mama yako anaamini kwamba aliua?" nikauliza, na mara nikaona nimeuliza kitu kisichonihusu.

"Anaamini. Hiyo ndiyo shida, baba. Kila Novemba, mwezi wa marehemu, anapeleka nia ya misa kwa ajili ya mjomba, halafu siku ya misa haingii kanisani. Anasimama nje na mvua yake."

Umeme uliporudi tukaendelea kutafuta, maana ndiyo kazi tuliyokuwa tunaijua.

Tulitafuta siku nyingi. Kitabu tulichokipata kilikuwa cha padre mmoja wa kigeni aliyekaa Ufipa zamani sana, kimeandikwa Kifaransa, na chuo kimoja cha ng'ambo kilikipiga picha na kukiacha wazi kwa yeyote. Kifaransa hatukijui, hivyo tukaenda kwa picha. Tanuru likiwa linajengwa. Wanaume na mikaa. Halafu Yustina akafunua ukurasa mmoja, akaweka mkono mdomoni.

Mwanamke amekaa kwenye mkeka juani, miguu ameinyoosha, mtoto mgongoni. Mbele yake kikapu kimefunguliwa, vitu vimepangwa kwenye mkeka, na mkono wake mmoja umo ndani ya kikapu mpaka kiwiko.

Bi Perpetua akaja na kamusi. Akasoma maandishi ya chini taratibu, kidole kwenye kioo: mke wa fundi wa Mollo akitayarisha dawa za tanuru. Na jina la fundi. Yustina akasema jina hilo ni la baba yake Mzee Didas.

Nikakaa kwenye benchi. Mimi ni Mfipa. Siyo wa ukoo ule, lakini tangu mtoto najua kwamba vitu vile mwanamke havitazami. Na sasa ninamwona mwanamke amevishika, na kila mwenye mtandao duniani anamwona.

"Naenda Mollo leo," Yustina akasema.

"Subiri," nikamwambia. "Picha hupangwa. Padre anaweza kuwa alimwambia tu, mama kaa hapa, weka mkono hapa. Hatujui."

"Baba Fide, aliambiwa au hakuambiwa, mkono ameuweka au hakuuweka?"

Akajifunga khanga, akaenda Mollo.

Mzee Didas alikuja siku ya soko kwa bodaboda, amevaa koti zito la mitumba lenye vifungo vya dhahabu kama la mkuu wa bendi. Yustina alimwambia kwamba kuna picha ya baba yake. Hakumdanganya, lakini hakummalizia.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Hapa si ghala?"

"Lilikuwa ghala, mzee."

"Nilikuwa naleta mahindi hapa. Mizani yenu ilikuwa na mdomo, inakula kilo."

Sikubisha, maana ofisi ya mizani ilikuwa mbele ya chumba changu na nilikuwa na macho.

"Njoo ukae huku, mume wangu," Yustina akamvutia kiti cha mashine ya tatu.

"Huyu mke wangu anakonda," mzee akaniambia. "Kusoma kunamla. Mimi nitamwacha nioe anayelima."

"Acha tu, babu. Nani atakuchumia mboga?"

Wanafunzi wakacheka, naye akafurahi kuchekewa. Nikafungua picha ya wanaume mbele ya tanuru. Mzee akasogeza uso. Kicheko kikamtoka usoni kama maji kwenye mchanga. Akashuka kwenye kiti, akachuchumaa sakafuni, akainamisha kichwa, akaanza kupiga makofi taratibu, yale makofi ya kwetu ya kuwaamkia wakubwa, huku akitamka maamkizi kwa Kifipa.

Nyuma yangu kijana mmoja akasema, "Oya, mshikaji anaiamkia kompyuta!"

Bi Perpetua, ambaye siku zote ndiye mtu wa kudai kimya, akageuka. "Anamwamkia baba yake. Wewe wako umemwamkia lini?"

Hakuna aliyecheka tena. Mzee akainuka, magoti yakilalamika, akafuta macho na mkono wa koti. "Kuna nyingine?"

Nikamtazama Yustina. Akaitikia kwa kichwa. Nikafunua.

Alikodoa macho hata nikadhani haoni vizuri. Kisha akanyoosha kidole, akagusa kioo, shingoni mwa yule mwanamke, pale palipokuwa na uvimbe wa koo ambao zamani kina mama wengi wa huku juu walikuwa nao.

"Mama," akasema. Akagusa mtoto mgongoni. "Huyu ni mimi au kaka yangu. Hatukupishana sana." Kidole kikateremka begani, kikafuata mkono, kikasimama.

"Mkono wa mama uko wapi?"

Akanigeukia mimi.

"Nakuuliza wewe mwenye kioo. Mkono wa mama yangu uko wapi?"

"Uko ndani ya kikapu, mzee," nikasema.

"Kimefunguliwa?"

"Kimefunguliwa."

"Funga hicho kitabu!"

Nikakifunga. Kioo kikabaki cheupe. Alikuwa anahema kama aliyepanda mlima.

"Sasa umekifunga, hakuna anayekiona tena?"

Ningeweza kumwambia hakuna. Bi Perpetua alinitazama, nadhani naye alitamani niseme hivyo. "Hapana, mzee. Kinaonekana popote. Mimi nimefunga hapa tu."

"Tangu lini?"

"Mtandaoni ni juzijuzi. Lakini kitabu chenyewe kilichapwa zamani, ulipokuwa mtoto. Kilikuwa kwenye maktaba zao huko siku zote."

Alikaa. Nimeona watu wakipewa habari za msiba. Hakuna aliyekaa namna ile. Kwa maisha yake yote alikuwa analinda mlango, na nyumba haikuwa na ukuta wa nyuma.

"Baba aliniapisha," akasema, sijui alikuwa anamwambia nani. "Na mama alikuwa amekaa hapohapo jikoni, anapepeta ulezi. Hakusema kitu. Amekaa nyumba moja na kikapu kile mpaka nimeoa, mpaka nimemzika. Hakusema kitu!"

Nikaona nitende haki kwa wote. "Mzee, usihukumu kwa picha peke yake. Wapiga picha wa zamani walikuwa wanapanga watu. Huenda padre alimwambia ashike."

Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu, siyo kama mwenye kioo. "Wewe hukumjua mama. Mama alikuwa hapangwi. Baba mwenyewe alimshindwa, sembuse padre." Halafu akasema, "Fungua tena."

Akaitazama tena. Bi Perpetua alileta chai, ikapoa. Mwisho mzee akamgeukia mjukuu wake, na hakumwita mke wangu.

"Yustina. Skola yuko nyumbani saa hizi?"

Binti akanitazama mimi. Katika maisha yake yote hakuwahi kumsikia babu yake akilitamka jina hilo.

"Yuko," nikajibu mimi, ingawa sikuwa na hakika.

"Nipe hicho kitabu nimpelekee."

Nikamweleza kwamba hakibebeki. Akashangaa: kitu kiko dunia nzima, halafu hakifiki Katandala. Bi Perpetua akasoma masharti ya kile chuo cha ng'ambo, maana kwenye masharti alikuwa hana mchezo hata siku ya kiama, akasema kuchapa ukurasa mmoja kwa ajili ya kusoma kunaruhusiwa. Printa ilikuwa inamalizia wino. Picha ikatoka na michirizi myeupe, mmoja umepita tumboni mwa mtoto, lakini mkono na kikapu vilionekana.

Nikampa mzee. Hakuipokea.

"Shika wewe," akasema. "Tutakwenda wote. Mtu hatangulii kwenye aibu yake mwenyewe. Wewe utaingia kwanza, utasema."

"Mzee, mimi siyo wa ukoo. Hata kusema sijui."

"Ndiyo maana."

Nilitaka kukataa. Mimi ni mtu wa kupanga vitabu, na nilihofia niharibu neno moja nivunje kilichobaki. Bi Perpetua akachukua funguo za droo mkononi mwangu, akasema, "Nenda, Fidelis. Hili nalo ni kumfikishia msomaji." Tukapanda bodaboda mbili, mzee na Yustina moja, mimi nyingine, karatasi kifuani ndani ya koti isipeperushwe na upepo.

Skolastika alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Mwanamke mrefu, mwenye paji la uso la baba yake. Nilipiga hodi, akanikaribisha, akanitolea kigoda. Kisha akaona nyuma yangu ni nani amesimama kwenye njia. Ungo ukamponyoka, maharage yakamwagika. Hakukimbia, hakuamkia. Alibaki ameinua mikono kidogo, kama mtu aliyekatazwa kugusa kitu.

Maneno niliyoyapanga njia nzima yalinipotea yote. Nikampa karatasi. "Dada, huyu ni bibi yako. Mama yake baba yako. Na kile ni kikapu cha nyumbani kwenu."

Aliishika kwa vidole vya mikono yote miwili. Aliitazama sana. Kuku wakaanza kuokota maharage na hakuna aliyewafukuza. Yustina alitaka kumweleza, nikamshika bega.

Alipoinua uso hakunitazama mimi. Alimtazama baba yake, aliyekuwa bado njiani, nje ya ua, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza bei:

"Na huyu bibi naye, alimuua nani?"

Mzee Didas alivua kofia. "Hakuua mtu."

"Na mimi?"

Nilimwona mzee akifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. "Wewe pia, mwanangu. Hukuua mtu. Kamili aliugua tu. Kamili aliugua akafa."

Sijui nilitarajia nini. Labda waamkiane, labda amtukane, na angekuwa na haki. Skolastika alikaa chini palepale juu ya maharage, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe. Siyo kilio cha mtu aliyeonewa. Lilikuwa yowe la msiba, lile linaloita watu, na ndani yake jina la kaka yake ambalo hakupewa nafasi ya kulililia.

Majirani wakaja mbio, wanawake wamejifunga khanga viunoni, mmoja ana mwiko mkononi bado. "Nani? Nani amefariki?"

"Mjomba," Yustina akasema.

"Maskini! Lini?"

Yustina akamtazama mama yake, akamtazama babu yake aliyekuwa sasa amesogea, amechuchumaa karibu na binti yake bila kumgusa. "Zamani," akasema. "Kabla sijazaliwa."

Wale wanawake wakatazamana. Nilidhani wataguna waondoke, na nisingewalaumu, kila mtu alikuwa ameacha sufuria jikoni. Yule mwenye mwiko akauchomeka kwenye paa la jiko, akafukuza kuku, akakaa chini karibu na Skolastika na kumshika kiuno. Mwingine akaingia ndani kutoa mikeka. Mwanamume mmoja akauliza kuni ziko wapi, akaonyeshwa, akaanza kupanga mafiga nje kama inavyopangwa penye msiba. Mimi nikatandikiwa upande wa wanaume, nikakaa.